Gari inatikisika ao inavuta upande ukikanyaga freni: maswali matatu mbele ya kununua kipande

Shofere wengi wanajua hii hali. Gari inatembea muzuri, injini haina shida, lakini ukikanyaga tu freni, volani inaanza kutetemeka mu mikono. Ao gari inavuta kushoto sawa vile kuna mutu anaivuta na kamba. Ao nyuma inacheza-cheza kama samaki. Shofere anaipeleka garaji, anasema: "Freni haziko muzuri." Fundi anamujibu: "Nunua plaketi." Plaketi zinanunuliwa, zinawekwa, kazi inalipwa. Kisha siku mbili tatu, ukikanyaga freni, ni yaleyale.

Juu ya nini? Sababu mara mingi plaketi haikuwa na kosa. Neno "freni mubaya" linaficha magonjwa mengi, na kila ugonjwa uko na alama yake. Gari yenyewe inasema kosa liko wapi, kama tu unajua kuiuliza. Kuna maswali matatu: inatikisika wakati gani? Unasikia kwa nafasi gani? Inaenda upande gani? Mwenye kujibu hayo matatu anafika garaji akiwa na nusu ya kazi imekwisha, na hatumii feza kwa kipande kisichohitajiwa.

Huku kwetu hii haiko tu jambo la feza. Ziwa Kivu liko karibu mita 1 460 juu ya bahari, Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770. Ni kusema, gari inayotoka Bukavu kwenda Uvira inapoteza karibu mita 700, na sehemu kubwa ni pale Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola. Anayetoka Kanyabayonga kuteremuka Rwindi anajua vilevile. Kwa barabara kama hizo, gari inayovuta kushoto inakutupa mbele ya Fuso inayopanda. Ile inayovuta kuume inaweza kukupeleka mu bonde.

Freni inafanya kazi namna gani

Tueleze kwanza kidogo, hata kwa yule asiyekuwa fundi. Ukikanyaga pedali, unasukuma likidi mu tubu ndogo paka kwenye magurudumu yote. Mbele, gari nyingi ziko na diski: sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Kuna chuma kinachokumbatia hiyo diski, mafundi wanakiita etriye. Ndani yake kuna pistoni. Likidi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma plaketi mbili, nazo zinabana diski huku na huku. Nyuma, gari nyingi ziko na tamburi, ni kusema sufuria ya chuma inayozunguka, na ndani yake kuna vipande viwili vinavyofunguka na kujisugua kwa ukuta wake.

Kazi ya freni ni moja tu: kugeuza mwendo kuwa moto. Gari haisimami bila kuchoma kitu. Kadiri mwendo unaongezeka, moto unazidi mbio sana: ukitembea kilometa 60 kwa saa, freni inapashwa kumeza moto mara nne kuliko ukitembea 30. Hiyo hesabu tutairudilia wakati wa kuzungumuzia muteremuko.

Swali la kwanza: inatikisika wakati gani?

Tafuta nafasi yenye usawa, barabara kavu, pasipo watu. Usijaribu kwa barabara iliyoinama upande, sababu barabara nyingi za udongo zimeinama na gari inafuata muinamo wenyewe. Tembea mwendo wa kawaida, usikanyage freni. Sikiliza.

Kama gari inatetemeka hata pasipo freni, wacha plaketi kwanza. Angalia mipira: iko na uvimbe? Imekwisha upande mumoja? Upepo ni sawa kushoto na kuume? Angalia tena ndani ya rimu. Wakati wa mvua, udongo unajaza upande wa ndani wa rimu, unakauka, unakuwa mugumu kama tofali. Gurudumu lenye udongo upande mumoja halizunguke sawa, na volani itatetemeka ukifika kilometa 60 ao 80. Kwa ugonjwa huo, dawa ni maji na burashi. Ikibakia kutetemeka kisha kuosha, peleka magurudumu kwenye mashini ya ekilibraji.

Kama inatetemeka tu wakati unakanyaga freni, na ukiacha pedali inatulia, sasa tunaweza kuishuku freni. Tuende kwa swali la pili.

Swali la pili: unasikia kwa nafasi gani?

Ukisikia mu mikono, ni kusema volani njo inatetemeka, kosa mara nyingi liko mbele. Ukisikia zaidi kwa kiti na kwa pedali, na volani imetulia, angalia nyuma.

Kwa gari ndogo, frenamai, ile freni ya mukono, mara mingi inashika magurudumu ya nyuma. Kwa hiyo unaweza kujaribu hivi: kwa nafasi tupu, mwendo wa kilometa 20 ao 30, vuta frenamai polepole huku umefinya kile kidude chake ili isifungike. Kama mutetemeko unatokea, tamburi za nyuma haziko duara tena. Usifanye hivyo kwa lori ao kwa jeep za zamani ambazo freni yao ya mukono inashika kardani. Unaweza kuvunja kitu. Na usiivute kwa nguvu kwa barabara yenye matope, gari itageuka.

Sasa mbele. Watu wanasema "diski imepinda". Mara mingine ni kweli, lakini mara mingi diski haikupinda: unene wake njo haulingani tena. Nafasi moja imekwisha kidogo kuliko ingine. Tofauti ndogo kuliko unene wa unywele inatosha mikono isikie mutetemeko, na macho hayawezi kuiona. Hilo linatokea namna gani? Kuna sababu tatu ambazo tunaweza kuepuka.

Ya kwanza ni bulo za magurudumu. Zikikazwa ovyo, moja kwa nguvu sana na ingine kidogo, diski inakaa vibaya. Bulo zinakazwa kwa kukingamana: ya juu, kisha ya chini, kisha za pembeni, kidogo kidogo, na mara ya mwisho kwa nguvu sawa. Kila mara unatengenezesha mupira kando ya barabara, angalia namna wanazikaza.

Ya pili ni kutu na udongo kati ya diski na muayeyu, ni kusema kile chuma cha katikati ambacho gurudumu linafungiwa. Ukiweka diski mupya juu ya kutu, itazunguka ikiyumba, na kisha miezi kidogo unene wake hautalingana tena. Njo maana kuna watu wanabadilisha diski mara mbili na ugonjwa unarudia. Fundi anapashwa kusugua ile nafasi na burashi ya chuma mbele ya kuweka diski.

Ya tatu ni maji ya baridi. Umeteremuka mulima, freni zinawaka moto, unafika kwenye muto ao kwenye kidimbwi, ao unasimama kwa watoto wenye kuosha gari na wanamimina maji palepale. Chuma cha moto kikipigwa na maji ya baridi kinaweza kuharibika. Wacha gari ipoe kwanza.

Diski isiyolingana inaweza kuchongwa kwenye mashini, lakini kwa kipimo. Kwa diski nyingi, unene wa mwisho unaokubaliwa umeandikwa kwenye ukingo wa diski yenyewe ao katikati yake, kwa milimetre. Ikishuka chini ya hapo, haichongwe tena, inabadilishwa. Diski nyembamba inapata moto haraka na inaweza kupasuka.

Swali la tatu: inaenda upande gani?

Hapa kuna kanuni moja nyepesi: gari inavuta kwenye upande unaofrena zaidi. Ukikanyaga freni na gari inaenda kuume, gurudumu la kuume linashika, la kushoto halishike muzuri. Kwa hiyo mugonjwa anaweza kuwa wa kushoto! Watu wengi wanafungua upande ambao gari inaenda, wanakuta freni muzuri, wanashangaa.

Lakini mbele ya kufungua kitu, pima upepo wa mipira. Mupira mumoja wenye upepo kidogo, ao mipira miwili tofauti mbele, mumoja mupya na mwingine umelainika, inatosha kuvuta gari. Kupima upepo ni rahisi kuliko kazi ingine yote.

Kama upepo ni sawa, fanya jaribio la moto. Tembea dakika kumi kwa barabara ya usawa, ukikanyaga freni kidogo tu. Simama. Sogeza mugongo wa mukono karibu na kila gurudumu, lakini usiguse diski wala tamburi, itakuunguza. Linganisha kushoto na kuume.

Gurudumu moja likiwa na moto sana kuliko mwenzake, ao linatoa harufu ya kuungua, freni yake haifunguke. Ni kusema inasugua hata wakati hukanyage. Gari kama hiyo inavuta upande huo hata pasipo freni, na inakunywa mafuta mingi. Pistoni imekwama kwa kutu, ao vile vyuma viwili ambavyo etriye inatelezea juu yake vimekauka. Udongo na maji ya barabara zetu vinaingia kupitia mipira midogo iliyopasuka. Mara nyingi dawa ni kusafisha, kupaka grisi ya freni inayovumilia moto, na kubadilisha hiyo mipira midogo.

Gurudumu moja likiwa baridi na mengine yana moto, hilo halifrene. Angalia kama likidi inavuja ndani, ao kama mafuta ama grisi imeingia kwenye plaketi. Plaketi iliyokunywa mafuta haioshwe na esanse, inatupwa. Na kosa lililoleta yale mafuta linatengenezwa kwanza.

Kuna mukosaji mwingine anayejificha: fleksibule, ile tubu ya mpira inayopeleka likidi kwenye gurudumu. Ikizeeka, inavimba ndani. Inje inaonekana muzuri, lakini ndani likidi inaingia kwa nguvu na hairudi. Fundi anaweza kuijua hivi: gari ikiwa juu ya kriki na imetegemezwa muzuri, anakanyaga na kuachilia pedali. Kama gurudumu moja linabakia gumu, anafungua ile skurubu ndogo ya kutoshea upepo. Likidi ikiruka na gurudumu likifunguka, basi likidi ilifungiwa ndani. Na kama ni hilo gurudumu moja tu, fleksibule njo ya kushuku kwanza. Kama bado ni gumu, pistoni ao vile vyuma vya kuteleza njo vimekwama.

Jambo moja usisahau: kama umevuka muto ao maji mingi, freni zilizolowana zinaweza kukamata vibaya ao kuvuta upande kwa muda. Huo haiko ugonjwa. Tembea polepole ukikanyaga kidogo kidogo paka zikauke, na usianze muteremuko mbele ya kuzijaribu.

Wakati freni zenyewe haziko na kosa

Kuna gari ambayo diski ni muzuri, plaketi ni mupya, na bado inayumba. Hapo angalia vile vinavyoshika gurudumu: rotili, silenbloki, amortiseri. Barabara zetu za mawe na mashimo zinaviua haraka.

Ukikanyaga freni, muzigo wote unasukuma mbele na magurudumu yanavutwa nyuma. Kama silenbloki imekwisha, gurudumu linarudi nyuma kidogo na kugeuka lenyewe. Shofere anasikia gari imeruka upande, na mara mingine "kong!" moja chini ya miguu. Plaketi haitaponya hiyo.

Inua gurudumu kwa kriki, weka magogo ao kitu kigumu chini ya gari, kisha shika mupira juu na chini, uusukume na kuuvuta. Ukicheza, rotili ya kusimama ao rulima imekwisha. Shika sasa kushoto na kuume. Ukicheza, angalia rotili za volani. Kwa amortiseri, finya gari kwa nguvu kwenye kona na uiachilie: ikiendelea kuruka-ruka zaidi ya mara moja ao mbili, haishike tena. Hapo gurudumu linaruka juu ya mashimo, na gurudumu lililo hewani halifrene.

Rotili inayocheza sana haingoje mwisho wa mwezi. Ikitoka, gurudumu linalala.

Pedali nayo inasema

Pedali ikiwa laini kama sponji, kuna upepo mu likidi. Ikishuka polepole wakati mguu umeikanyaga, kuna nafasi likidi inavuja, ao pompi kubwa ya freni imechoka ndani. Ikiwa ngumu kama jiwe, servofreni haisaidie. Na ikitetemeka haraka-haraka chini ya mguu kwa sauti ya kukwaruza wakati umekanyaga kwa nguvu juu ya matope ao changarawe, kwa gari yenye ABS hiyo ni kazi yake ya kawaida: usiachilie mguu. Lakini kama inafanya vile kwa barabara kavu, mwendo kidogo, ao taa ya ABS inawaka, ipeleke kwa fundi.

Muteremuko: pale makosa madogo yanakuwa makubwa

Turudilie ile hesabu ya moto. Gari ya tani 2 pamoja na watu na mizigo, ikishuka mita 700 kwa freni tu, inatoa moto wa kutosha kuchemsha maji ya bidoni mbili za litri 20. Diski na tamburi ndogo zile njo zinapashwa kumeza yote hiyo. Ukiongeza mifuko ya maharagi na ndizi juu ya paa, fikiria mwenyewe.

Freni ikipata moto kupita kiasi, plaketi zinaanza kuteleza. Kisha likidi inaweza kuchemka. Likidi ya DOT 3 ikiwa mupya haichemke chini ya digri 205; lakini inakunywa maji kutoka hewani, na kipimo kinaweza kushuka paka 140. DOT 4 inaanzia 230, na ikizeeka inaweza kufika 155. Ikichemka inaleta mvuke, na mvuke unafinyika: mguu unafika chini na gari haisimame. Njo maana likidi inabadilishwa, mafundi wengi wanashauri kila miaka miwili, hata kama haijapunguka. Na kamwe usiongeze maji, ao mafuta ya injini. Mafuta yanavimbisha mipira yote ya ndani ya freni, na hapo kazi inakuwa ya kubadilisha karibu kila kitu.

Kwa hiyo teremuka na vitesi ya chini, ya pili ao ya tatu, injini ishikilie gari, na freni ukanyage kwa vipindi. Kuna shofere wanazima injini kwa muteremuko ili wachunge mafuta. Hao wanapoteza vitu viwili mara moja: injini haishikilie tena gari, na servofreni, kisha kukanyaga mara mbili ao tatu, inaisha nguvu. Volani nayo inakuwa nzito. Esanse unayochunga pale ni ya franka kidogo tu.

Ukifika garaji

Usiseme tu "freni haziko muzuri." Sema: "Inatetemeka mu volani, paka nikikanyaga, kuanzia kilometa 60." Ao: "Inavuta kuume nikikanyaga, na gurudumu la kushoto ni baridi." Omba fundi apande na wewe, ajaribu mwenyewe mbele ya kufungua. Omba uone kipande cha zamani. Plaketi zibadilishwe kushoto na kuume pamoja, diski vilevile. Kubadilisha upande mumoja tu ni kununua ugonjwa wa kuvuta. Kisha kazi, kanyaga pedali mara kadhaa gari ikiwa imesimama paka iwe ngumu, njo utoke.

Na wewe musafiri, hata kama huna gari, uko na masikio na pua. Ukisikia harufu ya kuungua ao unaona shofere anapiga pedali mara na mara ili ishike, muambie asimame. Si kumukosea heshima.

Kuna alama nne ambazo hazikubali "tutaona kesho": pedali inayofika chini, likidi inayotiririka ndani ya gurudumu, gurudumu linalotoa moshi, na rotili inayocheza. Ukiona moja kati ya hizo, simamisha gari kwa usawa, weka jiwe nyuma ya gurudumu, uite fundi aje pale ilipo. Safari itangoja.